Maji ya Samaki wa Dhahabu Yawe na Nyuzi Ngapi?

Barabara ya Zhanqian mjini Guangzhou iko upande wa kusini wa stesheni ya reli, katikati ya masoko ya jumla ya nguo, viatu na saa. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata mzigo China wanaufahamu vizuri mtaa ule. Ukiingia katika maduka na hoteli za eneo hilo, si ajabu kukuta tangi la kioo kando ya kaunta, ndani yake wakiogelea samaki wa dhahabu, kwa kuwa Wachina wengi huamini samaki huleta heri ya biashara. Mgeni akirudi nyumbani naye hutamani tangi kama lile, liwe dukani au sebuleni. Tangi linapatikana, samaki wanapatikana, halafu baada ya wiki chache samaki mmoja mmoja anaanza kuelea juu. Mara nyingi mwenye tangi hulaumu chakula. Aghalabu kosa huwa kwenye joto la maji.

Wengi wetu hufika Guangzhou mwezi Aprili au Oktoba, wakati wa Maonyesho ya Canton, ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka na yalianza mwaka 1957. Miezi hiyo ni mizuri kwa samaki hawa. Wastani wa joto la hewa Guangzhou mwezi Aprili ni karibu nyuzi 22, na Oktoba ni kama 24 au 25, kwa hiyo maji hukaa karibu na pale samaki anapopapenda bila kifaa chochote. Mgeni haoni Januari, wakati wastani unashuka hadi karibu nyuzi 14 na nyumba hazina mfumo wa kupasha joto. Wala haoni Julai, wakati wastani unakaribia 29 na wenye matangi wanahangaika kama tunavyohangaika sisi wa Pwani. Dar es Salaam mwezi wa baridi kabisa, Julai, ina wastani wa kama nyuzi 24. Yaani Guangzhou ya Oktoba. Februari yake ni 28, na mchana hufika 32. Aliyeona samaki wamechangamka kule Oktoba akaiga kila kitu hapa Februari, ameiga nusu tu ya mambo.

Samaki wa dhahabu amefugwa China kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wakati wa utawala wa Song, kati ya mwaka 960 na 1279, alikuwa wa madimbwini. Wakati wa utawala wa Ming alianza kuwekwa ndani ya vyombo majumbani, na humo ndimo aina zenye mikia miwili, macho ya kutokeza na miili ya duara zilipopata nafasi ya kutunzwa. Mji wa Hangzhou ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa sana katika historia yake. Hangzhou ina Januari ya nyuzi 5 hivi na Julai ya nyuzi 29. Samaki huyu basi, katika asili yake, hupitia tofauti ya nyuzi zaidi ya 20 kila mwaka na haimdhuru, kwa sababu inachukua miezi sita kufika huko na miezi sita kurudi.

Ndiyo maana jibu la namba moja peke yake halimsaidii mfugaji. Namba zipo, nitazitaja, lakini jambo la kulishika kwanza ni hili: samaki wa dhahabu anavumilia baridi nyingi na joto jingi, ila havumilii kubadilishiwa ghafla.

Ushahidi wake si mgeni. Mwaka 1942 mtafiti wa Kanada, F. E. J. Fry, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima samaki wa dhahabu wachanga waliozoeshwa maji ya joto tofauti. Waliozoea nyuzi 10 walianza kufa maji yalipofika karibu nyuzi 31. Waliozoea nyuzi 30 walistahimili hadi karibu 38. Samaki ni aina ileile na umri uleule. Walitofautiana katika mazoea tu. Kila nyuzi 3 za kuzoeshwa ziliongeza uvumilivu kwa nyuzi 1 hivi. Kumbuka kwamba hiyo ni mipaka ya kufa, haina uhusiano na raha. Lakini inaonyesha kwa nini samaki aliyekaa miezi katika chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 20 anaweza kuangamia siku umeme ukikatika, wakati mwenzake aliyelelewa kwenye veranda ya Tanga anaendelea kula. Inafahamika pia kwamba mwili wa samaki huzoea joto upesi kuliko unavyozoea baridi, kwa hiyo kuyapoza maji kwa haraka ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Namba zenyewe

Samaki wa dhahabu wa kawaida, mwenye mwili mrefu na mkia mmoja, hustawi kwenye nyuzi 16 hadi 22. Wale wa urembo, wenye mwili wa duara, mikia miwili au kichwa chenye uvimbe kama manyoya ya simba, wapewe nyuzi 20 hadi 24. Tofauti hiyo ina sababu. Samaki wa duara amefinywa matumbo. Maji yakipoa, chakula kinakaa tumboni muda mrefu, na utamkuta ameelea upande au amesimama kichwa chini. Usiwachanganye wa aina hizi mbili katika tangi moja ukiweza kuepuka, si kwa joto tu bali pia kwa sababu yule mrefu ni mwepesi na atamnyang'anya mwenzake chakula.

Kati ya nyuzi 24 na 28 samaki wote wawili wataishi, ila kwa masharti: hewa ya kutosha, chakula kidogo, maji yanayobadilishwa mara kwa mara. Ikizidi 28 uko katika eneo la tahadhari. Ikizidi 30 kwa siku nyingi, samaki anachakaa hata kama hafi, na maradhi humpata kwa urahisi.

Joto linamwumizaje? Kwanza, maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yanaweza kushika oksijeni ya kama miligramu 11.3 katika lita moja. Yakifika nyuzi 20 ni 9.1, na yakifika 30 ni 7.6. Wakati huohuo mwili wa samaki unakwenda mbio. Kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mahitaji yake ya oksijeni hukaribia kuongezeka maradufu. Riziki inapungua mahitaji yanapopanda. Pili, samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka maji yakipata joto. Katika maji yenye kiwango cha pH cha 8, nyuzi 20, sehemu hiyo ni karibu asilimia 4 ya amonia yote. Kwenye nyuzi 30 inakaribia 7.5. Uchafu uleule uliokuwa unavumilika Julai unakuwa sumu Februari bila wewe kuongeza kitu.

Wasomaji wa nyanda za juu wasikilize hapa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Maji ya nyuzi 20 pale Nairobi hushika oksijeni ya kama miligramu 7.4 kwa lita, kiasi ambacho kinalingana na maji ya nyuzi 30 ya Mombasa. Bado Nairobi ni mahali pazuri sana pa kufugia samaki huyu, kwa maoni yangu pazuri kuliko Guangzhou yenyewe, kwa kuwa maji ya ndani ya nyumba hukaa kati ya nyuzi 17 na 22 karibu mwaka mzima na samaki hahitaji oksijeni nyingi katika ubaridi huo. Lakini asidanganyike mtu kwamba ubaridi wa Nairobi unamruhusu kuacha pampu ya hewa. Arusha, Iringa, Mbeya, Kampala, Bukavu na Goma ziko katika kundi hilohilo la miji yenye bahati.

Tangi la dukani na kiyoyozi

Turudi kwenye tangi lililo kando ya kaunta. Maduka ya Guangzhou huwasha kiyoyozi mchana wakati wa kiangazi na kukizima usiku. Ndivyo ilivyo pia katika maduka mengi ya Dar es Salaam na Mombasa. Mchana chumba kina nyuzi 23, saa mbili usiku mlango unafungwa, na kufikia alfajiri chumba kimepanda hadi 29. Tangi kubwa la lita 150 halitafuata mabadiliko hayo yote; litapanda taratibu na kushuka taratibu, pengine nyuzi 2 au 3. Bakuli la lita 5 juu ya kaunta litapanda na kushuka pamoja na chumba, kila siku iendayo kwa Mungu. Bakuli ni pambo zuri la picha, lakini si makazi. Samaki wawili wadogo wapewe angalau lita 80, na ukubwa huo utakulinda na mambo mengi ambayo hutakuwepo kuyaona.

Tangi lisikae chini ya mdomo wa kiyoyozi wala dirishani panapopiga jua. Nunua kipimajoto. Kile cha kioo kinachoelea au kunata ndani ya maji ni cha uhakika kuliko karatasi ya kubandika nje, ambayo husoma pia joto la chumba. Kwa wiki ya kwanza pima mara mbili kwa siku: alfajiri na saa tisa alasiri. Andika. Namba mbili hizo zitakueleza kuhusu tangi lako kuliko muuza samaki yeyote, maana utajua si tu maji yana nyuzi ngapi bali yanayumba kwa kiasi gani. Yakiyumba nyuzi 2 ndani ya siku, hakuna neno. Yakiyumba 5, sogeza tangi, lifunike upande wa jua, au ubadilishe ratiba ya kiyoyozi kabla hujanunua kifaa chochote.

Maji ya kubadilishia

Hapa ndipo samaki wengi wa kwetu wanapopotelea. Nyumba nyingi zina tangi jeusi la plastiki juu ya mnara au paa, simtanki, nalo linapigwa na jua kutwa. Fungua bomba saa nane mchana uweke mkono. Maji hayo yanaweza kuwa na nyuzi 36 au zaidi. Sasa piga hesabu: tangi lako la samaki lina lita 80 zenye nyuzi 24. Umetoa lita 20 chafu, ukarudisha lita 20 za nyuzi 36. Maji yote yanakuwa nyuzi 27 ndani ya dakika tano. Samaki amerushwa nyuzi 3 huku wewe ukiamini unamtendea wema.

Dawa yake ni ndoo. Chota maji jioni, yaache ndani ya nyumba bila kifuniko hadi kesho yake, ikiwezekana saa 24. Yatalingana na joto la chumba, na klorini ya maji ya bomba itapata muda wa kuondoka. Ukiwa na haraka, tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa urembo, lakini joto bado lazima lilingane: weka kipimajoto kwenye ndoo, kisha kwenye tangi, na tofauti isizidi nyuzi 2. Mimina polepole.

Ndugu zetu wa Muscat, Ruwi na Seeb wana shida hiyo kwa kiwango cha juu zaidi. Kuanzia Mei hadi Agosti maji yanayotoka kwenye bomba la baridi huko huwa ya moto, kiasi kwamba watu huzima hita ya bafuni na kuogea maji yaliyokaa humo ndani ya nyumba yakapoa. Kwa samaki fuateni mtindo wa ndoo, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, usiku kucha. Na kwa Oman nasema wazi: kama chumba hakipati kiyoyozi mchana na usiku wakati wa kiangazi, usifuge samaki wa dhahabu.

Kupoza bila gharama kubwa

Mashine za kupoza maji zipo, lakini ni ghali na zinakula umeme. Njia ya wengi ni feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji, kifuniko kikiwa kimeondolewa. Hushusha nyuzi 2 hadi 4 pale hewa inapokuwa kavu. Siri yake ni mvuke: lita moja ya maji ikiondoka kwa mvuke huchukua joto zaidi ya mara tano ya lile ambalo chupa ya lita moja ya barafu ingechukua kwa kuyeyuka na kupata joto la tangi. Ni kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo, ambao huvuja jasho na kupoza maji ya kunywa. Udhaifu wake unajulikana. Hewa ikijaa unyevu, kama Zanzibar wakati wa masika au Guangzhou mwezi Machi na Aprili kuta zinapotoa maji, feni hufanya kazi nusu. Na kwa kuwa maji yanapungua, lazima uyajazie kila siku chache kwa maji ya ndoo yaliyotulia.

Chupa ya barafu ni ya dharura tu. Chupa ya lita moja iliyoganda, ikiwekwa imefungwa ndani ya tangi la lita 60, itashusha maji kwa nyuzi 1 na nusu au karibu 2 mpaka iishe kuyeyuka. Hicho ni kiasi salama. Ukiweka tatu kwa pamoja umekwisha kuvuka mpaka. Kamwe usitupe vipande vya barafu moja kwa moja majini. Samaki atavikimbilia akidhani ni chakula, na maji yake huenda yana klorini.

Kuna watu wa Pwani watakaouliza kuhusu hita. Hawaihitaji. Hita inafaa kwa Njombe, Makete, Limuru au Kabale wakati wa Juni na Julai, kwa samaki wa duara, na iwekwe nyuzi 18 au 19 ili kuzuia maji yasianguke usiku. Usiiweke 26 kwa huruma. Samaki wa mkia mmoja katika miji hiyo aachwe na baridi yake. Ulaya anaishi chini ya barafu ya madimbwi. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Oslo na Liverpool walieleza jinsi samaki huyu na jamaa yake wanavyoweza kuishi bila oksijeni chini ya barafu kwa kugeuza asidi ya mwilini kuwa pombe na kuitoa kupitia matamvua. Mwili wenye uwezo huo hauogopi usiku wa Makete.

Kumsoma samaki

Samaki anayeumizwa na joto hupanda juu ya maji, mdomo ukifunguka na kufunga kwenye uso, matamvua yakipiga haraka. Mtazame alfajiri, kwani kama tangi lina mimea, oksijeni huwa ndogo kabisa saa hiyo. Aliyepatwa na baridi ya ghafla hutulia chini, mapezi yameshikamana na mwili, hataki chakula. Na kuna jambo linalowatisha wafugaji wapya bure: maji yakianza kupata joto baada ya majira ya baridi, dume huota vidoa vyeupe vidogo kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mshipa wa mbele wa mapezi ya kifuani. Ni alama ya kutaka kuzaa, wala usimpe dawa. Vidoa vya ugonjwa husambaa mwilini na mkiani, na samaki hujikwaruza kwenye mawe.

Chakula kifuate joto. Nyuzi 18 hadi 24, mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili. Chini ya 15, mara moja, na kidogo. Chini ya 10 usilishe. Juu ya 28, punguza hadi nusu, kwani kusaga chakula kunakula oksijeni ambayo haipo.

Usimchanganye na samaki wa maji ya moto. Gapi na beta wanataka nyuzi 24 hadi 28, na wale wazuri wa rangi kutoka Ziwa Tanganyika wanaovuliwa upande wa Kigoma wanataka 24 hadi 27, tena katika maji magumu kuliko ya mabomba mengi. Joto linalowafaa hao kwa kawaida litamchosha samaki wa dhahabu, na kinyume chake.

Kwa anayenunua vifaa Guangzhou

Mtaa wa Fangcun, ng'ambo ya Mto Pearl, umejulikana kwa miaka mingi kwa biashara ya maua, ndege na samaki. Pampu za hewa, machujio na vipimajoto vinaingia kwenye begi bila shida. Umeme wa China ni volti 220, mzunguko wa 50, nao unaelewana na wetu wa volti 230 au 240. Tatizo ni plagi, kwa hiyo beba adapta ya miguu mitatu ya kwetu. Chagua pampu ya hewa inayotumia betri umeme unapokatika, hata ikiwa ni ndogo. Samaki wenyewe waache huko. Kuingiza samaki hai kunahitaji kibali cha mamlaka za uvuvi na cheti cha afya, na safari ya saa nyingi ndani ya mfuko wa plastiki ni mateso.

Ukinunua samaki hapa nyumbani, mfuko uelee kwenye tangi dakika 20 ukiwa umefungwa, kisha ufungue na kuongeza kikombe kimoja cha maji ya tangi kila dakika tano mpaka ujae. Mtoe samaki kwa kiwavu, maji ya mfuko yamwage nje. Na siku umeme ukikatika huku huna pampu ya betri, chota maji ya tangi kwa jagi na uyarudishe kutoka urefu wa mkono kwa dakika kadhaa, kila baada ya nusu saa, usilishe, fungua madirisha. Kama umeme umekaa nje zaidi ya saa nne au tano, suuza sponji la chujio katika maji uliyochota kutoka tangini kabla hujaliwasha tena, kwa sababu bakteria wake watakuwa wameanza kufa, na uchafu uliooza ndani ya chujio ungemwagikia samaki wote kwa mara moja.